Jagi Lisilopasuka

4 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini mko wazima wote na shemeji amepona lile jino, maana barua yako ya mwisho ilijaa jino lake mpaka nikaanza kuumwa mimi. Sisi hatujambo. Mume wangu, mdogo wako, yu mzima. Msimu huu wa joto kazi za majokofu zimemzidi, anatoka asubuhi na mfuko wake wa vifaa, anarudi jioni amechoka hata kuitikia salamu ni kazi. Mimi bado niko kule kule kiwandani kwenye sare za shule. Wiki hii ni kola tupu. Nikifumba macho naona kola.

Wifi, nina shida inayolihusu duka lenu. Nataka jagi la kuchujia maji. Maji ya bomba letu yananuka dawa na rangi yake ni ya chai iliyolala, kwa hiyo tunanunua ya chupa, na chupa zenyewe zimetushinda. Kibaraza kimejaa magunia ya chupa tupu. Mfereji wa mtaani umezibwa na chupa, mvua ikinyesha kidogo zinaelea mpaka mlangoni kwetu. Nimechoka kununua kitu cha kutupa. Nataka kitu ninachoweza kuosha na kutumia tena mwaka hadi mwaka.

Nilikuwa nimejinunulia moja la kioo hapa mtaani, zuri, limevunjika. Basi nisaidie kuchagua. Lisiwe la kioo. Na liwe linachuja haraka. Hilo la haraka usilisahau, wifi, ndilo kubwa.

Ukijibu tumia anwani ya kiwandani, si ya nyumbani. Simu yangu mdogo wako anakaa nayo yeye siku hizi.

Ni mimi,
Fundi Kola

19 Februari

Fundi Kola, wifi yangu wa pekee,

Bahati yako uko peke yako, maana ungekuwa na mwenzio ningewagombanisha. Sisi wazima. Jino limeng'olewa, shemeji yako amelifunga kwenye karatasi anawaonyesha wageni, na wageni wamepungua. Dukani tajiri amenitoa kwenye masufuria akanipeleka kwenye majagi na vichujio, kwa hiyo swali lako limefika kwa mwenyewe.

Sasa tega sikio. Majagi haya karibu yote yanafanya kazi namna moja. Unamimina juu, maji yanapita kwenye mkaa, yanadondoka chini yakiwa matamu. Tofauti ni lile kopo la mkaa. Mengi kopo lake ni la kutupa, likichoka unanunua jingine, na lenyewe ni plastiki ngumu kuliko chupa. Hapo utakuwa umeacha kutupa chupa umeanza kutupa makopo. Mteja wa kawaida simwambii hilo, wewe nakwambia. Chukua la kopo linalofunguka. Mkaa ukichoka unaumwaga kwenye maua, unaosha kopo, unajaza mkaa mpya. Si mkaa wa kupikia, usije ukatuua. Na ujue mkaa unaondoa harufu na ladha mbaya, wadudu hauwaui. Kama maji yenu huyaamini, chemsha kwanza, yapoe, ndipo uchuje.

La haraka halipo. Maji yakipita mbio hayajachujwa, yametembea tu. Umetaja haraka mara mbili katika barua fupi, nani anakufa kwa kiu humo ndani? Jaza kabla hujaenda kazini, ukirudi yako tayari. Nakutumia la plastiki nene, mfuniko wa bluu, na mkaa wa akiba.

Lile la kioo lilivunjikaje? Mikono yako inatunga uzi kwenye sindano bila kutazama. Haya, si kitu, vyombo visipovunjika sisi tutauza nini.

Msalimie mdogo wangu. Mwambie dada yake bado hajafa, aniandikie.

Mama Majagi

27 Machi

Wifi,

Sijambo, na ninyi je? Huku joto halijapungua. Kiwandani tumemaliza kola tumeingia kwenye mikanda ya sketi, na mwenzangu wa mashine ya vifungo amepata mjukuu, tumekunywa soda.

Jagi lilifika salama. Nilifurahi, sikufichi. Mara ya kwanza kunywa maji yake nilikaa chini nikanywa bilauri nzima polepole. Magunia ya chupa niliyapeleka kwa wanaozinunua, kibaraza kikaonekana, nikaanika nguo. Mkaa wa kwanza niliumwaga kwenye chungu cha maua kama ulivyosema.

Sasa niseme. Jumamosi moja mdogo wako alirudi mapema, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimejaza. Alimimina, kikatoka kimchirizi kidogo. Akauliza maji yako wapi. Nikamwambia yanachujwa, subiri kidogo. Akasema, "Mwanamke ananiambia nisubiri maji nyumbani kwangu." Akaliweka jagi sakafuni akaniambia nipige magoti, niyahesabu matone kwa sauti mpaka lijae. Nilihesabu. Nikikosea ananizaba kibao, tunaanza moja. Upande wa kushoto sikio lilianza kuvuma, nikawa sijisikii mwenyewe ninavyohesabu, kwa hiyo nilikosea sana. Lilipojaa alinimwagia kichwani, akalikanyaga mpaka likapasuka.

Lile la kioo nalo lilikuwa hivyo hivyo, ila lile alilirusha. Nina alama nyuma ya shingo, naifunika kwa kitambaa.

Usimwandikie. Ni kazi zimemchosha, baadaye alilia. Ninachoomba, kama unalo jagi lisilopasuka, nitumie. Chupa zimeanza kurudi kibarazani.

Fundi Kola

30 Aprili

Wifi yangu,

Samahani nimekawia. Kulikuwa na mafua, kisha kuhesabu mali ya duka, kisha shemeji yako akajikata na bati. Sisi wazima sasa. Nimefurahi kusikia habari za mjukuu wa mwenzako, mpe hongera zangu.

Nimelipata jagi lako. Ni la chuma kile cheupe kisichoshika kutu, jagi lenyewe, kikombe cha juu, mpaka mfuniko. Kopo la mkaa linafunguka kama lile la kwanza. Hapana plastiki hata chembe, hili utamrithisha mtoto. Unajua dukani jagi siliuzi kwa maneno, nalidondosha mbele ya mteja toka usawa wa kifua, asikie mwenyewe. La plastiki nalidondosha, lakini roho iko juu. Hili nililidondosha, nikalipiga kwenye nguzo, halikubonyea. Wateja walipiga makofi. Tajiri alisema nitalibomoa duka. Nikakuchagulia zito kuliko yote, mshikio wake umeunganishwa kwa moto, haung'oki ng'o.

Kuhusu hayo mengine. Mdogo wangu ana hasira za karibu tangu utotoni, lakini hazikai. Mama alipofariki ndiye niliyembeba mgongoni huku nafua. Alikuwa hali mpaka nimlishe mimi. Moyo wake ni mzuri, wifi. Jaza maji mapema, yawe tayari kila anaporudi. Mvumilie kidogo.

Kifurushi nimekituma nyumbani ili akione, ajue dada yake anawakumbuka.

Mama Majagi

12 Julai

Wifi,

Natanguliza salamu, maana sikulelewa vibaya. Hamjambo? Shemeji kidonda kimepona?

Mwandiko huu si wangu. Anaandika mwenzangu wa mashine ya vifungo, niko kwake. Mimi nasema, na kusema kwenyewe ni kwa meno, taya limefungwa waya. Nakunywa uji kwa mrija. Mkono wa kulia uko ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko.

Kifurushi ulikituma nyumbani. Nilikuandikia kiwandani, kiwandani, ukatuma nyumbani. Akakipokea yeye. Akauliza kwa upole dada amejuaje kwamba lile la bluu limepasuka. Akasema, "Kumbe unaniandika." Tangu siku hiyo akawa ananisindikiza kazini na kunifuata, ndiyo maana umeona kimya.

Wiki zile zote maji yalikuwa tayari, wifi. Nilijaza asubuhi, nikajaza tena nikirudi, jagi halikuwahi kuwa tupu. Siku aliyonipiga lilikuwa limejaa mpaka juu. Alimimina, akanywa, akasema maji yana ladha ya dada yake. Akaliinua likiwa na maji yake. Niliinua mkono kukinga uso, mkono ukavunjika, niliusikia ukivunjika. Pigo la pili likanipata tayani. La tatu nilikuwa tayari chini, likanipata begani. Aliendelea. Nilitoka kwa kutambaa wakati ameenda kubadilisha shati lililolowa.

Jagi lako halikupasuka. Halikubonyea hata. Polisi wamelichukua, na askari mmoja aliligeuzageuza akasema ni chombo kizuri, tumelinunua wapi.

Mimi nashona kwa mkono huu. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike vizuri tena.

Uliniuliza kuhusu kasi, kuhusu kioo, kuhusu makopo. Uliniuliza kila kitu, hukuniuliza kama ninapigwa. Nikakwambia bila kuulizwa, ukanitumia chuma. Ukachagua kizito kuliko vyote.

Nimefungua kesi. Yeye anasema niliteleza bafuni. Majirani wanasema hawakusikia kitu, na ukuta wetu ni wa matofali membamba, tunasikia wakipiga chafya. Mwendesha mashtaka anasema jagi peke yake halitoshi, ananiuliza kama yupo mtu niliyemwambia kabla. Yupo mmoja. Sikuombi uje. Nakwambia tu kwamba nilimtaja.

Usimwambie niliko.

Mke wa mdogo wako

3 Agosti

Wifi,

Sisi hatujambo sana. Shemeji yako mzima. Nakuandikia nikiwa na jicho moja, la pili limefumba kwa uvimbe.

Mdogo wangu alikuja dukani, kumbe yuko nje kwa dhamana. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu chini ya meza, nilikuwa nimeisoma mpaka imelegea. Aliingia asubuhi tukiwa ndiyo tunafungua, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, akanisalimu vizuri, "Shikamoo dada." Nikaitikia. Akasema mkewe ametoroka nyumbani, amemfungulia kesi ya uongo, niseme yuko wapi tuyamalize kifamilia. Nikamwambia sijui. Akacheka. Akasema wewe huna pa kwenda zaidi ya kwangu, na kwamba mimi na wewe tunamzunguka.

Nikamuuliza swali ambalo sikukuuliza wewe. Nilisema, "Ulimpiga?" Akasema, "Nilimpiga, kwani nilimpiga mke wa watu?" Hivyo hivyo, mbele ya tajiri wangu na mteja mmoja aliyekuja kwa ajili ya chujio la chai. Kisha akaning'ang'ania, yuko wapi, yuko wapi. Alipoona sisemi, akavuta rafu nzima ya majagi ikaja chini. Yale ya kioo yalipasuka yote. Mteja alikimbia akaacha viatu. Mdogo wangu akanikamata nywele akanigongesha uso kwenye meza ya malipo, mara ya kwanza, mara ya pili, anauliza swali lile lile kila akigonga. Nilionja damu. Nilimsikia akihema sikioni kwangu kama alivyokuwa akihema mgongoni akiwa na homa, na ndipo nikaelewa kwamba hataacha. Wewe uliambiwa na mimi umvumilie kidogo. Nilivumilia kidogo hiyo meza, wifi, basi.

Kuna chuma kirefu chenye ndoano tunachovutia mlango wa kukunja. Mkono wangu ulikifikia. Nilimpiga goti. Alipoinama nikampiga tena mgongoni, na tena. Alianguka kwenye vioo. Nilikuwa nimeinua mkono kwa ajili ya kichwa. Akasema, "Dada." Tajiri akanishika kiuno kwa nyuma, la sivyo ningekuwa nakuandikia kutoka gerezani, au nisingekuandikia kabisa. Sikujua kwamba na mimi ninazo hasira zile. Zimeniogopesha kuliko zake.

Polisi walimchukua akichechemea. Watamrudisha huko kwenu kwa ajili ya kesi yako.

Sasa mambo mengine. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Anayeuza vyombo hawezi kusoma mtu akiomba jagi lisilo la kioo na linalochuja haraka, na jibu lisifike nyumbani, akafikiri ni habari ya maji. Nilijua, nikakuandikia utani wa jino. Nilimpenda kuliko nilivyokupenda wewe. Hilo ndilo lililokuvunja mkono, na sitalipamba.

Baba mdogo amepiga simu. Anasema mtoto niliyemlea kwa uji siwezi kumpandia kizimbani, na nikifanya hivyo nisikanyage tena kwao. Shangazi naye kapiga, analia tu. Shemeji yako anasema niamue mwenyewe, kisha anatoka nje. Wito wa mahakama upo juu ya kabati. Sijui nitafanya nini. Ningependa kukuandikia kwamba najua, lakini nimekudanganya vya kutosha.

Uji weka siagi kidogo, unateremka vizuri kwenye mrija.

Wako

21 Septemba

Wifi,

Salamu kwako na kwa shemeji. Jicho limefunguka? Mwandiko huu ni wangu, umepinda, uniwie radhi. Waya wametoa. Nimekula kipande cha mkate, nikakitafuna mpaka mwenzangu akaniuliza kama nakionea huruma. Plasta nayo imetoka. Kidole cha kati na cha pete havikunjiki, wamenihamishia kwenye kukata nyuzi mpaka tuone. Nimepanga chumba jirani na mwenzangu.

Nilienda kununua jagi mwenyewe. Muuzaji, kijana mstaarabu, akaniuliza nataka la namna gani. Nilijua nisilotaka tu. Lisirushwe, lisikanyagwe, lisinivunje. Nikamwambia aniache kwanza. Nilizunguka pale mpaka akaniletea kiti. Mwisho nikachagua la udongo wa kuchoma, lina mshumaa mweupe wa kuchujia ndani ambao unausugua kwa brashi na kuurudisha, hautupi kitu. Linachuja polepole mno. Najaza, naenda zangu kulala.

Hukumu ilitoka Jumatatu. Amefungwa, na miaka si haba. Sikushangilia. Nilitapika, kisha nikalala mchana kutwa.

Siku ile ya ushahidi wako hukuniona baada ya kushuka. Jamaa zako walikuwa mlangoni wanakutukana, askari akakupitisha nyuma, nikakimbia, nikakuta basi lako limeondoka. Kwa hiyo sijapata kukwambia jinsi ilivyokuwa kwa sisi tuliokaa.

Nilikuwa benchi la nyuma. Asubuhi ile niliapa kwamba hutakuja. Jina lako lilipoitwa na mlango haukufunguka, mwenzangu alinishika goti. Kisha ukaingia, umevimba uso, umevaa koti la shemeji. Baba mdogo alikuwa mbele pamoja na ukoo mzima, wamevaa kama wanaenda harusini. Mdogo wako alikutazama kutoka kizimbani kwa macho yale unayoyajua, ya kuomba kubebwa. Niliyaona mimi kutoka nyuma. Nilijisemea, kwisha habari yangu.

Mwendesha mashtaka, yule mama mwenye miwani, akakuuliza wewe ni nani kwa mshtakiwa. Ukageuka, ukaacha kumtazama mdogo wako, ukatafuta kwenye mabenchi mpaka ukanipata, ukaninyooshea kidole.

"Mimi ni wifi wa yule mama pale," ukasema.

Hakimu akakwambia, "Shahidi, umeulizwa kuhusu mshtakiwa. Wewe ni nani kwake?"

Ukasema, "Nimeshajibu, mheshimiwa. Niulizeni alichofanya."

Wifi yako